Kupima msongo kwa Candida: makosa yanayokula wiki zako

Dawa za fangasi ni chache kwa sababu seli ya fangasi inafanana mno na ya binadamu. Sumu inayomuua yeye mara nyingi humuumiza na mgonjwa. Njia mojawapo ni kumvua fangasi kinga yake. Candida albicans, fangasi anayewaambukiza binadamu, ana mbinu za kuhimili joto, chumvi na peroksaidi anayorushiwa na chembechembe nyeupe za damu. Akizikosa mbinu hizo, flukonazo (dawa ya fangasi) iliyokuwa ikimdumaza tu inaweza kummaliza. Kazi hiyo huanzia kwenye jaribio linaloonekana jepesi: kudondoshea seli kwenye agari (jeli ya chakula cha vijidudu) yenye msongo, yaani kitu cha kuzitesa, na kuona zipi zinakua.

Usitumie seli zilizolala usiku kucha kwenye chupa. Zimemaliza chakula, zimeacha kugawanyika na zimekuwa sugu, hivyo peroksaidi haitazitisha. Zizimue kwenye YPD mpya (mchuzi wa kukuzia chachu) hadi OD, yaani kipimo cha ukungu wa seli, ya 0.2, tikisa kwa nyuzi 30 kama saa tatu hadi ikaribie 0.8. Hesabu seli kwa darubini, anza na milioni 10 kwa mililita, zimua mara kumi kumi, kisha dondosha mikrolita 4 kila hatua. Lazima pawe na sahani isiyo na msongo wowote. Mutanti (fangasi aliyebadilishwa jeni) anayesuasua hata kwenye hiyo hajaonyesha udhaifu wa msongo. Ni mzito wa kukua tu.

Peroksaidi ndiyo yenye hila. Agari ipoe hadi nyuzi 50 hivi, chupa ishikike mkononi, ndipo uitie, na sahani zitumike siku hiyohiyo. Kupata milimola 5 kwenye nusu lita unahitaji takriban mikrolita 255 za peroksaidi ya asilimia 30, lakini hesabu hiyo ni ya chupa mpya. Iliyofunguliwa miezi kadhaa huenda imepungua nguvu. Zimua moja kwa elfu, soma mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 240 kwa kuveti (kikopo cha kupimia) ya kwatzi ya sentimita 1 (plastiki ya kawaida huzuia mwanga huo). Peroksaidi yenye nguvu kamili husoma karibu 0.43. Ukiona 0.2, nguvu imebaki nusu.

Kwa chumvi, gramu 58.4 kwa lita ni mola 1. Mutanti akifa hapo, usikimbilie kuilaumu njia ya Hog1, protini inayoamsha kinga ya seli dhidi ya kunyonywa maji. Weka pembeni sahani ya sorbitoli, sukari inayonyonya maji ya seli bila sodiamu: akistawi kwenye sorbitoli, kinachomuua ni sodiamu yenyewe, si kukauka.

Pima pia chumvi na peroksaidi kwa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen walionyesha kwamba mchanganyiko huo huua kupita kiasi, kwa kuwa ayoni za chumvi huikwamisha katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi. Ndani ya chembechembe nyeupe mambo hayo mawili humpata fangasi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sahani ya msongo mmoja mmoja inakuficha mengi.

Dawa ya FK506 huzuia kalsinurini, protini inayomsaidia fangasi kuhimili msongo, na ikiwa pamoja na flukonazo maabara hupata matokeo ya kuvutia. Ila ni dawa ileile wanayopewa waliopandikizwa figo ili kinga yao ishuke. Ukichagua shabaha, linganisha kwanza protini yake na ya binadamu.

Matokeo ya flukonazo yasome saa ya 24. Ukingoja 48, seli stahimilivu (zinazokua polepole tu penye dawa) huwa zimejikongoja na utazidhania sugu kwa dawa.

Na kila jaribio lianzie kwenye akiba ya gliseroli ya nyuzi hasi 80. Sahani inayohamishwa wiki hadi wiki, hasa yenye dawa, huzaa seli zenye kromosomu za ziada.