XSD za benki zikigoma kuzalisha kodi ya Java, kagua majina kwanza

Wadau wa Java mliowahi kuunganisha mfumo na benki mnaijua hii. Unatumiwa WSDL (faili la XML linaloeleza huduma yao ya mtandao), ndani kuna skima kibao (mafaili ya XSD yanayoeleza muundo wa ujumbe) zinaitana zenyewe kwa zenyewe, unarusha xjc au wsimport (zana za kuzalisha klasi za Java kutoka kwenye skima au WSDL) ukijua dakika mbili tu klasi ziko tayari, inakumwagia eror mpaka skrini inajaa. Wengi hapo wanakimbilia kugugo mstari wa mwisho. Acha, panda juu kabisa usome eror ya kwanza, hizo zingine nyingi zimezaliwa na hiyo.

Halafu kabla hujagusa kitu kingine shusha mafaili yote yakae kwako. WSDL ukiichukua kwenye anwani yao yenye ?wsdl mwishoni, mara nyingi unakuta import zake zinaelekeza kwenye sava ya ndani kwao ambayo wewe huifikii hata kwa dawa. Kuna benki moja (siitaji) XSD yao ukiishusha unapata faili lenye jina sahihi kabisa, .xsd mwishoni, ukilifungua ni HTML ya ukurasa wa kulogini, na xjc haikwambii hii siyo skima, inalalamika tu kuhusu herufi zisizotakiwa, unabaki kuitukana Java bure. Kwa hiyo fungua kila faili kwa macho yako. Yakishakamilika yaweke Git, kisha tumia faili la katalogi kwa -catalog, unaiambia anwani fulani isomwe kutoka faili hili hapa. Ni bora kuliko kuhariri schemaLocation kwa mkono maana wakikutumia vesheni mpya unaanza upya. Na kama uko Java 8 ukaona accessExternalSchema kwenye eror, huo ni ulinzi wa Java yenyewe, skima haina kosa, weka -Djavax.xml.accessExternalSchema=all kwenye JVM inayoendesha bildi usonge mbele.

Sasa tuje kwenye majina, na hapa ndo watu wanaumia. Chukua ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kifedha. Kwa malipo ya nchi na nchi SWIFT (mtandao wa mabenki kutumiana ujumbe) walianza kuhamia huko Machi 2023 na muda wa kutumia mfumo wa zamani sambamba na mpya ukaisha Novemba 2025, so ukifanya kazi na mabenki huikwepi. Kila ujumbe una XSD yake na nemspesi yake (namespace, jina linalotofautisha skima moja na nyingine), mfano ule wa mteja kuagiza malipo ni urn:iso:std:iso:20022:tech:xsd:pain.001.001.03, na elementi ya juu kabisa kwenye zote inaitwa Document. xjc inatunga jina la pakeji kutoka kwenye nemspesi, na sheria yake inasema nemspesi ikiishia na nukta na herufi mbili au tatu, hiyo ni ekstensheni ya faili, ikatwe. Yaani ile .03 inaonekana kama .xsd tu, inakatwa, unabaki na iso.std.iso._20022.tech.xsd.pain_001_001. Sasa benki moja iko kwenye .03, nyingine imehamia .09, zote mbili zinaangukia pakeji ileile.

Ukizizalisha pamoja xjc inagoma, na hiyo ndo bahati yako. Ukizizalisha moja baada ya nyingine kwenye folda moja haisemi kitu. Document ya pili inafuta ya kwanza, package-info.java nayo inafutwa, klasi zenye namba tofauti mwishoni zinabaki zimechanganyikana za vesheni zote, na nemspesi ni ya ile uliyozalisha mwisho. Kodi inakompaili vizuri kabisa! Benki ya .03 inategemea elementi ya BIC (kodi ya kuitambulisha benki), .09 wanaiita BICFI, na wewe unapokea majibu ya kukataliwa tu bila maelezo ya maana.

Ushauri utakaoupata haraka ni kuweka -p na jina la pakeji unalotaka. Hapana aisee. -p inasukuma nemspesi zote kwenye pakeji moja, hapo umeongeza ugomvi. Andika faili la bindingi (maelekezo ya kuiambia xjc itumie majina gani), kila skima ipewe pakeji yake:

<jxb:bindings version="2.1"
  xmlns:jxb="http://java.sun.com/xml/ns/jaxb"
  xmlns:xs="http://www.w3.org/2001/XMLSchema">
  <jxb:bindings schemaLocation="pain.001.001.03.xsd" node="/xs:schema">
    <jxb:schemaBindings>
      <jxb:package name="malipo.pain001.v03"/>
    </jxb:schemaBindings>
  </jxb:bindings>
</jxb:bindings>

Ya .09 unaiongezea hapohapo chini ya hiyo, unaiita v09, unarusha xjc kwa -b. Basi.

Migongano ya ndani ya skima moja nayo inatibiwa kwa faili hilohilo. "Two declarations cause a collision in the ObjectFactory class" mara nyingi ni mtu kaandika address na Address, kwenye XML ni vitu viwili, kwenye Java vyote vinataka kuwa Address, mpe mmoja jina lingine kwa jxb:class. "Property Value is already defined" angalia kama kuna elementi yenye maandishi ndani na pia ina atributi inaitwa value, maana maandishi yenyewe xjc huyaita value, hapo tumia jxb:property. Ipo pia -B-XautoNameResolution ya wsimport inayomaliza ugomvi kwa kubandika namba kwenye majina, mimi siipendi, miezi sita mbele nani atakumbuka Address2 ilikuwa ya nani.

Zinazonikera zaidi ni zile zisizotoa eror yoyote. Unafungua klasi unakuta badala ya getJina na getTarehe kuna getContent() peke yake inarudisha orodha ya JAXBElement. Usianze kuandika kodi ya kuizunguka, soma komenti iliyo juu yake, xjc imeandika sababu pale, kawaida jina moja limetumika sehemu mbili ndani ya skima, ukibadili moja kwa bindingi zile getter zinarudi. Nyingine ni pale unapogeuza Document kuwa XML unaambiwa haina @XmlRootElement. Usiibandike kwa mkono! Ifunge kwa new ObjectFactory().createDocument(doc) imeisha. Na ukikuta JAXBElement<String> kila mahali, skima imeweka minOccurs="0" (si lazima kiwepo) pamoja na nillable="true" (kinaweza kutumwa kikiwa nil, yaani bila thamani), generateElementProperty="false" inazifuta, ila ujue hapo hutaweza tena kutofautisha kitu kilichoachwa kabisa na kitu kilichotumwa kikiwa nil, kuna mifumo inajali hilo.

Kodi iliyozalishwa mwiko kuigusa, izaliwe upya kwenye kila bildi ndani ya target. Na kukompaili kusikudanganye, tengeneza ujumbe mmoja halisi utoe XML, halafu xmllint --noout --schema pain.001.001.03.xsd ujumbe.xml, ikikwambia validates ndo umpigie mtu wa benki.

Kwa mlioko Java 11 kwenda juu, xjc na wsimport ziliondolewa kwenye JDK tangu 2018, mnazivuta kwa plagini ya Maven. Ukishahamia jakarta (pale javax.xml.bind ilipogeuka kuwa jakarta.xml.bind) badilisha na nemspesi ya faili la bindingi iwe https://jakarta.ee/xml/ns/jaxb na vesheni 3.0, lile la zamani usitegemee lifanye kazi huko.