Kuita koyote: anza na upepo, filimbi baadaye

Kila nikimwambia Mswahili mwenzangu kwamba wikendi naenda kuwinda koyote, swali la kwanza ni lilelile, "mnamla?" Hapana bana, hatumli. Tunamuwinda kwa sababu anakula mbuzi wetu, na kwa sababu kiukweli huyu mnyama ana akili kiasi kwamba siku ukimuita akaja mwenyewe mpaka mbele yako unajiona umefaulu mtihani.

Mi nipo pande za Abilene, West Texas. Huku kuna Wakongo waliokuja kama wakimbizi, kuna Wakenya, kuna sisi Wabongo wachache, na baadhi yetu tumeingia kwenye mbuzi maana Texas ndio inaongoza Marekani kwa mbuzi wa nyama na soko la San Angelo halipo mbali. Sasa ukifuga mbuzi huku lazima mkutane na koyote. Koyote ni ndugu wa mbweha wetu ila mkubwa kidogo, kilo 10 mpaka 15 hivi kwa hawa wa kwetu, na kipindi mbuzi wanazaa yeye ndio anajua mapema kuliko wewe mwenye mbuzi.

Ila niseme hili kabla watu hawajakimbilia kununua bunduki. Kama shida yako ni mbuzi tu, tafuta kwanza mbwa wa kulinda, Great Pyrenees au Anatolian, anayekua na mbuzi na kulala nao hukohuko. Ukiua koyote kumi leo, eneo likibaki wazi wanahamia wengine, na waliobaki wakipata chakula cha kutosha wanazaa zaidi, hilo wafugaji wa siku nyingi wanalijua vizuri. Kuwinda kunasaidia pale ambapo kuna mmoja au wawili wameshazoea zizi lako. Yale mashindano ya kuua wengi ili upate zawadi mi siyapendi, na California walishayapiga marufuku tangu 2014.

Haya, makaratasi, na hapa naongea zaidi na wageni wenzangu. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na makaratasi kuwa na bunduki au hata risasi, yaani sio kununua tu, hata kuazimwa na rafiki mkiwa porini. Mwenye green card hana shida upande huo. Ukiwa na viza ya muda, ya shule au ya kazi, kwa kawaida nawe umekatazwa ila kuna mlango umeachwa wazi, ukiwa na leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo na bado haijaisha muda, unahesabika kwenye wanaoruhusiwa. Usichukue ushauri wa hili kutoka kwa mshkaji wa kinyozi, wala kutoka kwangu, muone mwanasheria wa uhamiaji, maana kesi ya bunduki inaweza kukurudisha nyumbani hata kama umekaa huku miaka 20.

Leseni yenyewe kwa mkazi wa Texas ni dola 25, unaipata kwa Texas Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, na mwaka wake unaanza Septemba 1 unaishia Agosti 31, kwahiyo ukinunua mwezi wa saba umenunua wiki chache tu. Kama umezaliwa Septemba 2, 1971 au baada ya hapo lazima upite kozi ya usalama wa uwindaji, ukiwa na miaka 17 na kuendelea unaimaliza mtandaoni. Koyote hana msimu wala idadi hapa, kwenye ardhi binafsi unamuwinda mwaka mzima, mchana na usiku. Majimbo mengine yana mambo yao, hasa kwenye mataa ya kuwindia usiku na spika za kutoa milio ya wanyama, soma ya kwako.

Ardhi ndio kazi. Zaidi ya asilimia 95 ya Texas ina mwenyewe, na ukiona mti au nguzo ya fensi imepakwa rangi ya zambarau ujue hiyo ni sawa na kibao cha usiingie. Hakuna kubahatisha. Nenda mchana, na gari safi, umevaa kawaida, umkute mwenye ranchi uongee naye, wengi wanachukia kulungu wao kuguswa lakini ukiwaambia koyote tu, uso unafunguka. Na kwa sisi weusi naongeza kitu ambacho video za wazungu hazisemi: mtu mweusi mwenye kombati na bunduki anatembea kando ya fensi alfajiri, jirani hajui wewe ni nani. Mimi namwomba mwenye ranchi awaambie majirani, nampa aina ya gari na namba ya pleti, na kila asubuhi namtumia meseji kabla sijafungua geti lake. Geti ulilolikuta limefungwa unalifunga, ulilolikuta wazi unaliacha wazi.

Vifaa nitapita haraka maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Bunduki ya .223 inatosha kabisa, risasi zake bei nafuu na haipigi bega, yenye darubini ya kawaida inayokuza mara 3 mpaka 9. Nenda nayo reinji mpaka uwe na uhakika kwenye yadi 100 na 200 ukiwa umekaa chini, sio umeegemea meza, kwa sababu porini hakuna meza. Nunua na miti ya kuegeshea bunduki. Kwenye vichaka vizito ambako utamuona akiwa yadi 30, shotigani inafaa zaidi. Nguo zisizochakarisha, kitu cha kufunika uso na mikono, basi. Rangi sio ishu kubwa kihivyo, koyote haoni nyekundu na chungwa kama sisi, ila mkono ukitikisika anauona kutoka mbali mno.

Sasa tuje kwenye upepo, na hapa tafadhali usiruke.

Mtu mpya anadhani kazi yote ipo kwenye mlio, yaani ile sauti ya mnyama aliyeumia unayoiiga ili koyote aje akidhani ni chakula. Anakaa YouTube anasikiliza sungura, anabadilisha filimbi, akikosa anasema mlio haufai. Kumbe koyote walikuja, wakamnusa wakiwa bado kwenye kichaka, wakaondoka, yeye hajaona hata mkia. Huyu mnyama akisikia sungura analia haji moja kwa moja, anazunguka aende upande ambao upepo unatoka kwenye ule mlio kuelekea kwake, ili anuse kwanza kuna nini. Karibu kila mara, labda awe mdogo au ana njaa kali. Kwahiyo kazi yako sio kumzuia asizunguke, huwezi, kazi yako ni kupanga kikao, yaani sehemu unayokaa kumuita, ili akizunguka apite mahali peupe unapomuona, kabla harufu yako haijamfikia.

Chukua mfano wa shamba la pamba lililokwisha vunwa, upande mmoja kuna mstari wa miti ya meskiti na kijito kikavu. Upepo unatoka kaskazini, kulia kwako. Unakaa chini ya meskiti umeegemeza mgongo kwenye shina, kivulini, unatazama magharibi. Kama una spika ya rimoti unaiweka kama yadi 50 hivi mbele kulia kwako, yaani upande unakotoka upepo. Koyote akija kutoka kijitoni atataka kufika kusini ya spika aipate harufu yake, na kusini ya spika ni palepale mbele yako, peupe. Macho yake yote yapo kwenye spika, sio kwako. Ukiwa unatumia filimbi ya mdomo basi mlio unatoka kwako mwenyewe, hapo lazima uangalie zaidi kushoto, upande harufu yako inakoelekea, na upande huo uwe wazi. Kama kushoto kwako kuna kichaka kizito hicho kikao hakifai, inuka tafuta kingine hata kama mandhari ni nzuri ya kupiga picha.

Mi natembea na kichupa cha unga laini usio na harufu, nakiminya kidogo naangalia kavumbi kanakoelekea. Nafanya hivyo nikishuka kwenye gari, nafanya tena nikifika, maana kwenye bonde upepo unageuka. Na gari unaliacha nyuma ya kilima au kichaka, mbali, redio umezima dakika nyingi kabla, mlango unausukuma taratibu mpaka usikie klik, usiubamize. Simu zima kabisa, usiweke hata mtetemo. Grupu la kamati ya harusi huko Dar wao ni jioni, wewe ni alfajiri, na wakianza kukumbushana michango hakuna koyote atakayebaki wilaya hiyo.

Ukishakaa tulia dakika mbili tatu bila kufanya kitu. Halafu anza na sauti ndogo, kwa sababu inawezekana kuna mmoja amelala yadi 80 tu kutoka ulipo na ukianza kwa nguvu unamtimua. Njia rahisi haihitaji hata kifaa: weka midomo nyuma ya kiganja chako, kaza, vuta hewa kama unabusu kwa pupa, inatoka sauti nyembamba ya panya. Nimeona koyote akigeuza masikio kwa hiyo tu, kasimama mguu mmoja juu, masikio mawili yameelekea kwangu.

Kama kimya, panda kwenye filimbi. Kuna za aina mbili kubwa, ile ambayo ulimi wake umefichwa ndani, unapuliza tu inalia, hiyo nzuri kuanzia ila kwenye baridi kali mate yanaganda ndani inakufa. Na ile ya ulimi wazi ambayo unabana kwa midomo, ukisogeza midomo mbele na nyuma sauti inapanda na kushuka, ngumu mwanzoni lakini ukiizoea unatoa sungura, mtoto wa koyote na mbweko kwenye kifaa kimoja cha dola 20. Usipulize kama refa wa mechi ya mtaani. Sungura aliyekamatwa analia waa, waa, waa, kifupi kifupi, kinapanda, kinakatika katikati, kinarudi kikiwa kimechoka, na wewe utie uchungu humo, kama hakuna uchungu yeye anajua. Lia kama nusu dakika mpaka dakika, nyamaza dakika moja au mbili, halafu tena. Kwenye kunyamaza ndio unaangalia, kwa macho, kichwa kinageuka polepole mno. Mazoezi fanya kwenye gari ukienda kazini, nyumbani mke wangu alishanipiga marufuku.

Kikao kimoja dakika 15 mpaka 20. Wengi wanatokea mapema lakini wapo wazee wanaochukua muda wao. Ukitaka paka pori wa huku, bobcat, kaa nusu saa na zaidi, yeye hana haraka. Pakiwa kimya kabisa ondoka taratibu, sogea kama maili moja kwenye eneo la wazi, au nusu maili kwenye vichaka, panga upya. Usirudie sehemu moja kila wikendi na mlio uleule, wanajifunza upesi sana.

Miezi ina maana. Oktoba na Novemba ndio wakati wa kuanza, vijana wa mwaka huo wanaachana na wazazi, hawajaona mengi, sungura tu anawatosha. Ikifika Januari na Februari wanatafutana kuzaliana, hapo mlio wa koyote mwenyewe unashinda wa sungura, toa mlio mmoja mrefu wa mnyama aliye peke yake kisha kaa kimya dakika kadhaa. Usianze kutoa ile milio ya kutaka ugomvi kama hujui unachosema, unamtisha kijana ambaye angekuja. Kuanzia Aprili wana watoto, na mlio wa mtoto anayelia unawaleta wazazi mbio, ila mimi kipindi hicho siendi isipokuwa kuna zizi linaliwa kweli.

Anapokuja mara nyingi yupo mwendo, sio amesimama. Usimfuate na bunduki kama sinema. Mngoje ageuze kichwa au apite nyuma ya kichaka ndio usogeze mtutu, akitokea mpigie "wuf!" fupi kwa mdomo, atasimama sekunde mbili akuangalie, hizo mbili ndizo zako. Na kabla hujagusa kifyatulio jua nyuma yake kuna nini, huku kuna ng'ombe, kuna matangi ya maji, kuna nyumba ambayo hujaiona kwa sababu ya meskiti. Akishakimbia usimpige kwa nyuma, mwache. Na ukimpata usiinuke! Toa hapohapo mlio wa mtoto wa koyote anayelia kwa maumivu, mara nyingi walikuwa wawili na yule mwingine anasimama au anarudi.

Ukienda kumchukua mkaribie kutokea mgongoni, gusa jicho na kijiti kirefu uhakikishe, vaa glavu kila siku. Wana viroboto, wana ukurutu wa ngozi, na kichaa cha mbwa sio hadithi, kusini mwa Texas ilibidi serikali ianze kudondosha chanjo kwa ndege mwaka 1995 kwa sababu ya koyote. Ngozi ya hawa wa kwetu ni nyepesi ukilinganisha na ya kaskazini kwenye baridi kali, kwahiyo usipige hesabu za biashara. Muulize mwenye ranchi anataka mzoga uwekwe wapi, wengine wana shimo lao, usiuache barabarani wala usiuning'inize kwenye fensi yake hata kama umeona kwa wengine. Mtumie meseji umeona wangapi, upande gani, saa ngapi, hata kama hukupiga hata mmoja. Hiyo ndiyo taarifa anayoitaka kuliko picha yako na bunduki, na ndivyo nilivyopata ranchi ya jirani yake.