Maswali ya Wasomaji: Bweni la Wavulana 40

SWALI: Mimi ni mlezi katika shule ya urekebishaji hapa Kenya. Bweni langu lina wavulana 40 na mshauri nasaha huja mara moja kwa wiki. Nasikia jimbo la Missouri, Marekani, lilifunga shule yake kubwa ya watoto watukutu likafungua makazi madogo ya tiba. Huko hufanywa nini hasa, nami nianzie wapi bila bajeti mpya?

JIBU: Anza kwa kuligawa bweni. Missouri ilifunga shule ya Boonville mwaka 1983, na tangu hapo msingi wa kazi yake ni kundi la vijana 10 hadi 12. Hulala pamoja, husoma pamoja, hula pamoja, na walezi ni wale wale. Wako ni makundi manne: sogeza vitanda, kila kundi lipate pembe yake. Walezi wakiwa hawatoshi, anza na kundi moja. Ukibadilisha walezi kila wiki hujafanya kitu, maana mtoto hamwagi ya moyoni mbele ya mgeni.

Tiba yenyewe imo humo kundini. Mara kadhaa kwa siku kila kijana hueleza kwa ufupi mwili na moyo wake vikoje. Tena yeyote, kijana au mlezi, anaweza kuita mduara papo hapo. Tuseme viatu vya mtu vimefichwa. Wote husimama wakitazamana. Mwenye viatu husema alivyoumia, aliyeficha huulizwa kilichomsukuma, na waliocheka nao huulizwa.

Kuna zoezi zito zaidi: umbo la kijana huchorwa kwenye karatasi kubwa, naye huandika humo majeraha yake, ya mwili na ya moyo. Hilo lisubiri kundi lizoeane, na lifanyike siku ya mshauri wako.

Mambo huharibika pale mlezi aliyechoka anapogeuza mduara kuwa mahakama. Wakubwa hupata rungu la kuwapigia wadogo, na siku chache baadaye kila mmoja anajibu "niko sawa" tu. Adhabu isitolewe mduarani, na mlezi asitoke hata kidogo.

Halafu kuna kurudi nyumbani. Missouri kijana ana mratibu mmoja tangu kupokelewa hadi baada ya kutoka. Wewe mtafute mzazi na afisa wa watoto mapema: shule imempa nafasi? Fundi wa kumfunza ni nani, na nani atamlipa? Yakiachwa hadi wiki ya mwisho, mvulana hurudi maskani ile ile.