Jina la ukoo limebadilika
Huenda mwanamke unayemtafuta katika kumbukumbu za ukoo hajapotea, kaolewa tu. Mwanamke wa mjini Uingereza aliyemo kwenye sensa ya 1841 halafu ya 1851 hayumo, mtafute kwanza kwenye vyeti vya ndoa: tangu Julai 1837 vinataja jina na kazi ya baba wa bibi harusi, na hapo ndipo unapomtambua kwa uhakika zaidi. Umri wa 1841 usiushikilie sana. Waliozidi miaka 15 kwa kawaida walishushwa kwa mafungu ya tano, hivyo wa miaka 29 akaandikwa 25. Wosia nao utaupata zaidi kama alikufa mjane au hakuolewa. Kabla ya 1882 mali ya mke kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa mumewe.