Kuja kutumika na kanisa Unguja na Pemba: jibu kwa ndugu wa Kakamega

Bwana asifiwe. Ndugu yetu ameuliza hivi: vijana wa Kanisa la Marafiki (Quaker) huko kwao Kakamega wanataka kuja Zanzibar mwezi wa Agosti, na wamepanga mahubiri ya hadhara, michezo ya watoto mitaani na kugawa nguo. Anataka kujua wajiandae vipi. Mimi ni Mkristo wa hapahapa, nimezaliwa na kukulia mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiyapokea makundi ya kutoka nje, nikiyakalimania na kufanya nayo kazi Unguja na Pemba. Nitajibu kwa urefu kwa kuwa jambo hili liko moyoni mwangu.

Njooni, tunawataka. Ila huo mpango wenu uwekeni pembeni kwanza, mumwandikie mchungaji wa hapa na kumuuliza kanisa lake lina shida gani. Nyinyi mtapanda boti mrudi. Yeye atabaki na majirani zake, na kila mlilolifanya ataulizwa yeye.

Nieleze hilo la watoto, maana ndilo linaloleta maneno zaidi. Zanzibar ina watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, na takriban wote ni Waislamu. Mtoto wa hapa akitoka skuli anakwenda chuoni kusoma Kurani, na wazazi wake wanajua kila saa yuko wapi. Kundi moja nililolisindikiza lilitoa mpira na biskuti uwanjani, watoto wakajaa, kisha zikaanza nyimbo za Sunday school. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Maghribi ilipoingia, kina baba walikuwa barazani kwa mchungaji, na walikuwa na haki ya kuuliza. Wageni waliondoka siku ile waliyopangiwa. Mchungaji alizunguka nyumba hadi nyumba pamoja na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kwa wiki kadhaa, na darasa letu la chekechea, ambalo nusu ya watoto wake walikuwa wa majirani Waislamu, likapungua mno. Miaka ya kujenga imani na mtaa ule ilitikiswa na alasiri moja. Kwa hiyo mtoto asiguswe mpaka mzazi wake ameridhia, na sheha awe anajua mpo na mnafanya nini.

Mkumbuke pia kwamba mwaka 2012 makanisa yalichomwa hapa, na Februari 2013 padri wa Kikatoliki aliuawa kwa risasi akielekea kusalisha misa ya Jumapili. Siwatishi. Siku zote tunaishi vizuri na jirani zetu, tunazikana, tunapelekeana sahani za futari na za Krismasi. Lakini amani hiyo ina watu wanaoitunza, na mgeni mwenye kipaza sauti kichochoroni haioni.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ilikuwa Pemba, upande wa Wete. Mchungaji aliomba kitu kimoja: sakafu na paa la chumba cha kusomea. Wale vijana walituma pesa mapema, saruji na mabati yakanunuliwa hukohuko, na fundi mkuu akawa jirani, mzee wa Kiislamu mwenye heshima zake. Yeye ndiye aliyekuwa akiamuru. Tulipanga mstari tukapitishana makarai ya zege tangu alfajiri, adhuhuri ikiadhiniwa kazi inasimama, mzee anakwenda kuswali, sisi tunakaa kivulini. Siku ya tatu wanawake wa jirani walituletea chai na mihogo bila kuombwa. Vijana wa mtaani wakaanza kuuliza wenyewe: nyinyi ni nani, kwa nini mmeacha kazi zenu kuja kuchanganya zege huku? Hapo mtu anajibu kwa utulivu anachokiamini, kwa kuwa ameulizwa. Mimi naamini huo ndio utume, na sijaona mkutano wa hadhara uliofika hapo.

Nguo msibebe. Mitumba imejaa masokoni, na nauli ya hayo masanduku inatosha kununua mabati.

Makaratasi msiyapuuze. Mkenya anaingia na pasi yake bila taabu, lakini kuingia kama mgeni si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya kujitolea. Kanisa linalowapokea liulize Uhamiaji mapema ni kibali gani kinawahusu. Mkiwa na muuguzi au daktari, asimtibu mtu kabla hajapata idhini ya baraza la taaluma yake hapa. Tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa wageni wa kutoka nje, nayo ulizeni bei yenu. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wasichana wawe na kanga mkononi. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, na bahari ya Nungwi kuelekea Pemba inachafuka, wenye matumbo mepesi wajitayarishe.

Na kwa kuwa ni Marafiki, msikose Banani, karibu na Chake Chake. Wenzenu walifika Pemba mwishoni mwa miaka ya 1890, miaka kadhaa kabla ya misheni yenu ya Kaimosi, Kenya, ya 1902. Sheria ya 1897 ilikuwa imewapa watumwa nafasi ya kudai uhuru, na Marafiki wakaweka shamba ili walioachiwa wapate kazi ya ujira. Unguja nako fikeni Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Kisha nendeni Mbweni, walikokaa waliokombolewa. Kaeni pale mwanzoni mwa safari, kabla hamjashika koleo, mpate kujua mmeingia katika kazi ya nani.

Barua kwa mchungaji iandikwe mwezi huu. Tajeni fani za kila mmoja, nani fundi, nani mwalimu, nani hana ujuzi ila ana nguvu, na kiasi cha fedha mlichonacho. Tiketi msikate mpaka amejibu, na akisema Agosti haimfai, mwulizeni mwezi unaomfaa.