Fundi akipiga simu saa nne asubuhi

Arusha hii karibu kila mfanyakazi ana kiwanja. Ukimkuta mtu katoka nje ya ofisi, simu sikioni, mkono mwingine unapimapima hewani, ujue anaongea na fundi wa Kisongo au Moshono: nondo zimepungua, maji hayajaletwa, saruji imebaki mifuko miwili. Nasimamia ofisi ya kampuni ya utalii hapa mjini, kwa hiyo haya nayaona kila wiki.

Sikatai mtu kuwa na shughuli zake. Benki na ofisi ya ardhi hufunguliwa saa zile zile tunazofanya kazi sisi. Anayeingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja atafuatilia hati yake lini? Ninachokataa ni kutoroka kimyakimya, maana anayeumia mara nyingi si bosi, ni mwenzako.

Msimu mmoja wa wageni, ule wa Juni hadi Oktoba, dereva wetu alisimama dirishani funguo mkononi. Wageni wameshapanda, maboksi ya chakula yameshapakiwa, kilichobaki ni vocha ya hoteli ya Karatu, ile karatasi ya kuthibitisha malazi. Aliyetakiwa kuitoa alikuwa nyuma ya jengo, anabishana na fundi bei ya kokoto. Tulimtafuta karibu nusu saa. Wageni walimnunia dereva, na dereva ndiye anayetegemea bahasha ya bakshishi mwisho wa safari. Iliniuma sana.

Kwa hiyo ushauri wangu: panga na fundi jioni, vifaa vya kesho vifike leo, na umwambie apige saa ya chakula isipokuwa ukuta umeanguka. Umeme wa LUKU, ada, mchango wa kikoba, vyote vinalipika kwa simu wakati wa mapumziko. Unauza vitenge au asali? Chukua oda saa hiyo hiyo ya chakula, usipite meza hadi meza.

Nanyi mabosi, hiyo saa ya chakula itoeni kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, na anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kuna ofisi ambako mtu wa mapokezi anakula wali maharage huku anajibu simu, kila siku. Huyo akitoka baadaye kulipia umeme wa nyumbani, mimi sina mdomo wa kumgombeza. Tena acheni kumtuma mhasibu akawachukulie watoto shuleni. Akiwa kwenye foleni ya magari Sakina kwa ajili yako, malipo ya wateja anayashughulikia nani?

Ukiwa na jambo lisilosubiri, omba mapema na utaje muda. Kijana mmoja hapa kwetu huniambia hivi: "Shikamoo dada. Kesho naomba saa tatu hadi saa tano niende ardhi. Vocha za kesho nimeshazitoa, na mwenzangu atapokea simu zangu." Ombi la namna hiyo silikatai. Wageni wakiwa wengi siku hiyo, namhamishia siku nyingine ndani ya wiki ile ile. Ila mtoto akiugua usingoje ruhusa: nenda hospitali, nipigie ukiwa njiani.