Indiketa za Land Rover Zinapojivuta

MASWALI YA WASOMAJI: UMEME WA MAGARI YA ZAMANI

Swali: Mafundi, habari za kazi. Nina Land Rover 109 Series III ya 1976. Indiketa za kulia zinakwenda vizuri, za kushoto zinajivuta: zinawaka, zinakaa, ndipo zinazima. Usiku nikiwasha taa kubwa hali inazidi. Nimenunua flasha mpya (kile kifaa kinachozimazima indiketa), hakuna kilichobadilika. Sasa fundi anataka kubadilisha swichi ya usukani. Nimruhusu? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Salama, ndugu. Mwambie asubiri kwanza. Flasha ni moja kwa pande zote mbili, na fyuzi inayoilisha ni moja. Kulia kukienda sawa, vyote viwili vizima, na hela ya flasha ndiyo hiyo imeshapotea. Ubovu uko baada ya swichi kugawa njia: globu za kushoto, holda zake, waya zake au ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Swichi nayo yaweza kuwa na kontakti chafu ya upande huo, lakini ije mwisho.

Flasha ya kikopo, kama 8FL ya kampuni ya Lucas, haina saa ndani. Ina utepe mwembamba unaopashwa moto na umeme uleule unaokwenda kwenye taa. Utepe ukipata moto hutanuka na kukata njia, ukipoa hurudi. Imepimwa kwa globu mbili za wati 21, yaani wati 42, karibu ampea 3.5. Ampea zikipungua, utepe unachelewa kupata moto, na taa inakaa imewaka muda mrefu kama unavyoeleza. Flasha za kielektroniki za magari ya siku hizi hufanya kinyume: globu moja ikiungua, zinakimbia. Ndiyo maana fundi aliyezoea magari mapya hupotea kirahisi kwenye gari kama hili.

Anza na globu. Zichomoe za mbele na nyuma usome kitako: kiandikwe 12V 21W. Globu ya wati 5 au 10 yenye kitako cha mm 15 inaingia kwenye holda hiyohiyo na inawaka, ila inavuta ampea chache mno. Kioo chake ni kidogo, utaitambua ukiiweka kando ya ya wati 21. Holda ikiwa na ukungu wa kijani au kutu, isugue kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, na uivute juu kidogo kontakti ya katikati iliyolegea.

Kisha ethi, na hapa ndipo tunapoweka dau letu. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, bolti ni za chuma, na vikikutana na maji ya matope, alumini hufanya ganda jeupe lisilopitisha umeme. Kwa macho bolti imekaza vizuri kabisa. Dalili yako ya usiku inaelekeza hukohuko: taa ndogo na indiketa zikichangia ethi mbovu, kila moja inamnyima mwenzake. Simama nyuma ya gari taa ndogo zikiwa zimewaka. Ukiona ya kushoto inafifia kila indiketa inapowaka, umeshapata jibu.

Kuthibitisha, chomoa flasha na uunganishe waya zake mbili, ya B (inayoleta umeme) na ya L (inayokwenda kwenye taa), kwa kipande cha waya. Ukiweka swichi kushoto, taa zitawaka mfululizo bila kuzimazima, na mita ya volti itasomeka kwa utulivu. Pini nyeusi iweke kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye mwili wa holda. Isome chini ya volti 0.2. Ikisoma volti 1 au zaidi, fungua bolti ya ethi, kwangua mpaka chuma na alumini ving'ae, weka washa (ringi) ya meno, kaza, kisha paka vaselini juu. Bora zaidi, vuta waya mpya wa mm² 2.5 kutoka holda hadi kwenye chasisi iliyokwanguliwa.

Ethi ikiwa safi, hamia upande wa chanya: pini nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye kontakti ya katikati ya holda, globu ikiwa inawaka. Ikizidi nusu volti hivi, fuata waya wa kijani wenye mstari mwekundu, ndio wa kushoto kwa rangi za Lucas (wa kulia una mstari mweupe). Chunguza vile vichwa vya shaba vinavyochomekwa ndani ya mipira myeusi. Maji yakiingia mle hayatoki.

Ingekuwa pande zote mbili zinajivuta, tungekutuma kwingine: ncha za fyuzi, swichi ya hazadi, ile ya kuwasha indiketa zote kwa pamoja (mara nyingi umeme wa indiketa hupita humo; ibonyeze na kuiachia mara ishirini ujionee), na betri iliyochoka. Mwendo sahihi ni mara 60 hadi 120 kwa dakika.

Swali: Nimeweka globu za LED kwenye indiketa zote nne. Flasha ya zamani haikucheza, nikaweka ya kielektroniki. Sasa nikiwasha kulia, zote nne zinawaka! (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dashibodi yako bila shaka ina taa moja ya indiketa kwa pande zote. Taa hiyo imeunganishwa kati ya waya wa kulia na wa kushoto, na hupata ethi kupitia globu za upande uliozimwa. Globu ya kawaida haiwezi kuwaka kwa umeme mdogo hivyo, LED inawaka. Tenganisha njia kwa dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: moja kutoka kila waya, ncha zenye mstari zikutane kwenye taa ya dashibodi, na upande wa pili wa taa uende ethi. Hii ni kwa gari ambalo hasi ya betri imeungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zina chanya kwenye bodi, na flasha ya kielektroniki ya kawaida huko itaungua.

Swali: Volkswagen kobe ya volti 6, indiketa hafifu na nzito. Nibadilishe mfumo uwe volti 12? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Si lazima. Kwa wati zilezile, volti 6 zinadai ampea maradufu, kwa hiyo kutu ileile inakula volti mara mbili, tena kwenye mfumo wenye nusu ya volti. Safisha ncha za fyuzi na ethi zote, na hakikisha flasha imeandikwa 6V. Ya volti 12 inaingia palepale, ila haitacheza ipasavyo.